Simu ya Saa Moja Kasorobo

Maneno yalianzia kwa msusi, mahali ambapo maneno mengi ya mtaa ule huanzia, na yalimkuta fundi wa sare ameinamisha shingo, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imetimka.

"Yule dereva wenu wa basi la shule," msusi alisema, kitana kikiwa kati ya meno, "siku hizi anaendesha huku simu iko mkononi. Usukani anaushika kwa goti."

"Nani kasema?"

"Mvuta mkokoteni wa pale kiwanda cha mbao. Juzi nusura amkanyage."

Wanawake waliokuwa wakisubiri zamu kwenye benchi hawakukubali kupitwa. Mmoja alisema amesikia dereva huwa anatazama mpira. Mwingine alisema si mpira, ni kimada, tena kimada mwenyewe hampi hata nafasi ya kupumua. Wakacheka. Fundi naye alicheka, maana mtu ambaye nywele zake ziko mikononi mwa mwenziwe hana pa kwenda. Lakini yale maneno yalimwingia na yakakataa kutoka. Alirudi nyumbani, akakaa kwenye cherehani, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa ya kushona sare akaunga mkono wa shati ndani nje.

Ndani ya basi lile alikuwamo mtoto wake wa pekee. Miaka saba, darasa la pili, kiti cha pili nyuma ya dereva, jino moja la mbele linacheza. Baba yake alikwisha kumbatiza jina la Kibogoyo hata kabla jino halijang'oka. Mtoto huyo alipatikana baada ya miaka kumi na mmoja ya ndoa, baada ya hospitali nyingi na machozi mengi, kwa hiyo kama fundi alikuwa mwoga, alikuwa na haki yake. Aliogopa visima visivyofunikwa, mbwa wasiofungwa, matunda yasiyooshwa. Zaidi ya vyote aliogopa barabara. Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, alikuwa akisema, "Mke wangu akikosa cha kuogopa, anaogopa kwamba hana cha kuogopa."

Kwa ajili ya hofu hiyo alijiwekea desturi. Kila asubuhi ya shule, saa moja kasorobo, pasi ya mkaa inapoanza kushika moto, alimpigia dereva simu.

"Mmefika wapi?"

Na dereva, kwa ile sauti yake ya chini, alijibu, "Tunakaribia, mama. Wote wazima."

Basi. Hayo tu. Fundi alipoyasikia, mabega yalishuka na pasi ikagusa kitambaa. Hakuwahi kujiuliza dereva anajibu akiwa katika hali gani. Kichwani mwake basi lilikuwa limesimama, mahali fulani palipo salama, likingoja amalize kuongea.

Dereva mwenyewe watoto walimwita Taratibu. Alikuwa mtu mzima, kofia ya sufi kichwani hata wakati wa joto, na aliendesha kama aliyebeba mayai. Ndiyo maana yale maneno ya msusi yalimkera sana fundi. Angeambiwa habari hiyo juu ya dereva mwingine yeyote, angesema, nilijua. Lakini Taratibu?

Jioni ile alimkalisha mtoto mezani.

"Taratibu anatumia simu akiwa anaendesha?"

Kibogoyo alilisukuma jino lake kwa ulimi, likaenda mbele, likarudi nyuma. "Inalia."

"Inalia mara ngapi?"

"Nyingi. Huwa tunahesabu. Jana kumi na moja."

Fundi aliweka bakuli chini polepole. "Na anapokea?"

"Anapokea. Mlio wake tunaujua, huwa tunauimba." Akauimba, kichwa kikicheza huku na huku, mpaka alipouona uso wa mama yake, akanyamaza.

"Nani wanaompigia?"

Mtoto akatazama miguu yake. "Watu," alisema. "Watu tu." Kisha akaomba akalale, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu azaliwe.

Baba yake alikohoa. "Simu kumi na moja kabla ya saa moja asubuhi. Huyo ni dereva au waziri?"

Fundi hakucheka. "Kesho naenda kushuhudia mwenyewe. Nikimwona, nakwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu. Sitakuwa na huruma."

"Na ukikuta ni uzushi?"

"Nitamwomba radhi moyoni."

"Moyoni tu?"

"Wewe kunywa chai yako, baba."

Asubuhi alimfikisha mtoto kituoni kama kawaida. Mlango ukafunguka.

"Shikamoo, baba," fundi alisema, macho yakimtembea dereva mwili mzima.

"Marahaba, mama. Daftari lake la hesabu hili hapa, jana alilisahau kitini." Akamkabidhi mtoto, akangoja akae, akatazama kioo cha kushoto, cha kulia, ndipo akaondoa gari. Simu ilikuwa mbele yake, imechomekwa kwenye kishikio alichokichonga mwenyewe kutokana na kandambili kuukuu. Fundi alikiona. Akajiambia, kitu cha kwanza nitakachomweleza mwalimu mkuu ni hicho kishikio.

Basi lilikuwa na mzunguko mrefu wa kuokota watoto wengine, kwa hiyo alipata muda wa kukata njia kwa miguu mpaka kwenye kona ya kiwanda cha mbao. Pale barabara hushuka mlima kisha hupinda ghafla, ukuta wa kiwanda upande mmoja na mtaro usio na mfuniko upande wa pili. Kulinuka mbao mbichi. Mvuta mkokoteni alikuwa akipakia magunia ya unga wa mbao, kifua wazi.

"Ni wewe uliyesema habari za dereva wa shule?" fundi alimuuliza.

"Mimi nimesema nilichokiona. Hayo ya mpira na wanawake wametia chumvi wenyewe."

"Uliona nini?"

"Simu sikioni. Mkono mmoja tu kwenye usukani. Na hii kona, mama, hata ukiwa na mikono mitatu haikutoshi." Akafunga kamba, akaivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. "Si siku moja. Kila siku anapopita hapa, simu iko sikioni. Ukitaka kuona, ngoja. Anakaribia kupita."

Fundi alisimama kando ya ukuta, simu yake mkononi tayari kwa kupiga picha. Alingoja. Mtu mmoja alipita na baiskeli. Lori likapita. Basi halikuonekana. Akatazama saa ya simu: saa moja kasorobo kamili, na barabara tupu.

Je, kama limeharibika? Kama limepinduka huko juu? Kwani mimi nimesimama hapa nachunguza watu na mwanangu hajulikani alipo? Hakufikiri zaidi ya hapo. Kidole chake kilijua njia chenyewe, kama mguu unavyolijua pedeli la cherehani gizani. Kikabonyeza.

Ikaita mara ya kwanza. Ikaita mara ya pili. Mara ya tatu, basi la buluu likachomoza juu ya mlima.

Aliona kila kitu kupitia kioo cha mbele, kwa uwazi ambao hakuusahau tena. Aliona mkono wa kushoto wa dereva ukiachia usukani. Aliuona ukienda kwenye kishikio cha kandambili. Aliuona ukipanda sikioni.

"Halo, mama," sauti ya Taratibu ilisema ndani ya sikio la fundi.

Kule midomo inacheza, huku maneno yanaingia.

"Tunakaribia, mama. Wote wa..."

Mvuta mkokoteni alikuwa ameingia barabarani, mgongo kwenye mteremko. Dereva alichelewa kumwona. Kwa mkono ule mmoja alizungusha usukani, ukagoma, akazungusha tena. Mkokoteni ukaenda upande huu, mwenyewe akarushwa upande ule, na basi likapanda ukingo, likausugua ukuta wa kiwanda kwa mlio ambao ulimtia fundi ganzi ya meno, likavuka mpaka upande wa pili, likasimama. Gurudumu la mbele lilikuwa linaning'inia juu ya mtaro, bado linazunguka. Magunia yalipasuka. Unga wa mbao ukapaa juu kama moshi, ukafunika kila kitu.

Na simu ilikuwa bado sikioni mwa fundi. Ndiyo sababu alisikia vilio vya watoto mara mbili: mara moja vikitoka barabarani, na mara ya pili, vikichelewa kidogo, vikitoka ndani ya kiganja chake.

Alipigwa na bumbuwazi. Wafanyakazi wa kiwanda walimpita mbio, mmoja akamgonga bega, na yeye alisimama palepale kama nguo iliyotundikwa. Mtu alipovunja kioo cha nyuma na mtoto wa kwanza kuteremshwa ndipo mwili ulipomrudia, akaenda akijikwaa, akaanza kupokea watoto na kuwahesabu kwa sauti. Wa nne. Wa tano. Mwenye uvimbe kwenye paji la uso. Mmoja wa mapacha wawili, ameshika mkono wake kama si wa kwake. Wa tisa alikuwa Kibogoyo, damu kidevuni mpaka kwenye kola nyeupe ambayo mama yake aliipiga pasi jana.

Fundi alimtia kidole kinywani, akapapasa huku na huku. Jino halikuwapo. Jino tu. Akamkumbatia mpaka mtoto akasema anaumia.

Mvuta mkokoteni alikuwa amekaa ndani ya mtaro, amejaa unga wa mbao kuanzia kope mpaka vidole, kifundo cha mguu kimegeukia upande usio wake. Hakulia. Alikuwa akirudia maneno yaleyale, bila kumwambia mtu. "Nilisema. Nilisema mimi."

Watu walijaa.

"Alikuwa na simu. Nimemwona kwa macho yangu."

"Mshusheni, amezoea huyo."

Taratibu alikuwa bado kitini. Kofia imedondoka, kipara kinang'aa kwa jasho, na mikono yake yote miwili sasa ilikuwa kwenye usukani, imeukamata barabara, wakati ambapo usukani haukuwa tena na kazi.

"Ulikuwa unaongea na nani, wewe mzee?" mtu mmoja alimuuliza akiwa amepanda kwenye ngazi ya mlango.

Dereva aliinua macho. Akayapitisha juu ya vichwa vya watu mpaka yakamfikia fundi, amesimama na mtoto ubavuni na simu mkononi. Yakakaa pale. Kisha akayaondoa.

"Nilikuwa naongea," alisema. "Msiniulize na nani."

"Na kimada wake," sauti moja ilisema nyuma, na watu wakacheka kile kicheko kibaya cha watu wenye hasira.

Fundi akaifunga simu kwenye pindo la nguo yake, akakaza fundo, akanyamaza. Alinyamaza askari wa usalama barabarani alipofika. Alinyamaza mwalimu mkuu alipofika, mama wa makamo mwenye miwani, akipumua kwa shida, akisema kwamba wote walioshuhudia waje ofisini kwake kesho saa nne, waandike walichokiona.

"Na wewe, mama," alimwambia fundi. "Nasikia ulikuwa hapa kabla ya wote."

"Nilikuwapo," fundi alisema.

Nyumbani mumewe alikuwa amemwacha mteja na geti lake nusu, amekuja mbio na miwani ya kuchomelea bado shingoni. Alimtazama mtoto kinywani mara tatu. Kisha fundi alifungua lile fundo, akamwekea simu mezani, imewashwa, mbele ya macho yake.

Mumewe alisoma. Jina la dereva. Saa moja kasorobo. Alisoma tena, kana kwamba ni hati ya mahakama.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

Mumewe alisogeza kiti, akashusha sauti. "Futa. Mwenyewe hajakutaja. Nani atajua?"

"Leo mama alikuwa wa saba," Kibogoyo alisema. Alikuwa amelala kwenye mkeka, pamba mdomoni, wakidhani amesinzia.

"Wa saba wa nini?"

"Kupiga. Wa kwanza huwa mama wa mapacha. Halafu baba yake yule mnene. Halafu wengine. Wewe huwa wa saba, tukifika kwenye mbao. Wenzangu wananiita Saba."

Fundi alimsogelea. "Kwa nini hukuniambia jana nilipokuuliza?"

"Ungekasirika." Mtoto aliutoa ule mpira wa pamba, akautazama, akaurudisha. "Halafu ungempigia Taratibu kumuuliza."

Baba yake alitaka kucheka, kicheko kikamkwama, kikatoka kama kikohozi. Fundi alitoka nje, akakaa kwenye kiti cha cherehani, akashika kitambaa asichokishona. Miaka miwili. Kila asubuhi ya shule, palepale penye kona, mteremko na mtaro, yeye mwenyewe alinyoosha mkono kutoka nyumbani kwake na kuubandua mkono wa mtu aliyembeba mtoto wake. Na siku zote hizo alijua kwamba anamlinda. Angeapa.

Hakuifuta.

Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa ndogo, madaftari yamepangwa mpaka dirishani, feni inalia bila kuleta upepo. Taratibu alikaa pembeni kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yamemfika kifuani, kofia mkononi. Askari alikuwa na karatasi zake. Wafanyakazi wawili wa kiwanda walikwisha kuandika: simu, sikio la kushoto, mkono mmoja.

"Mwalimu, sina la kubisha," dereva alisema. "Kosa ni langu. Nifuteni kazi."

Mwalimu mkuu alimsogezea fundi karatasi na kalamu. Tangu atoke darasa la saba hakuwa amejaza ukurasa mzima, isipokuwa vipimo vya watu: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Kalamu iliteleza kwa jasho. Aliandika kwa herufi kubwa, akikata na kurudia, na alipomaliza hakumpa mwalimu. Alisimama akasoma mwenyewe, maana alijua akikaa atabadili mawazo.

"Mimi ni mama wa mtoto aliyekuwa ndani ya basi. Nilimwona dereva akiwa na simu sikioni kwenye kona ya kiwanda cha mbao, saa moja kasorobo asubuhi, basi linashuka mlima. Nilimwona akiachia usukani kuichukua. Ni hatari na asipewe tena watoto wa watu. Aliyekuwa anaongea naye ni mimi. Nimempigia kila siku kwa miaka miwili, saa hiyohiyo. Wazazi wengine pia wanapiga, watoto wanatujua kwa namba. Simu yangu hii hapa, sijafuta kitu."

Akaiweka mezani. Hakuna aliyeigusa.

"Mama," dereva alisema taratibu, "ungeliacha tu. Mimi ningeweza kuiacha iite. Mkono ni wangu."

"Ni wako. Ndiyo maana nimekutaja wewe kwanza." Sauti ilimpasuka, akaikusanya. "Lakini niambie. Kwa nini ulipokea kila siku?"

"Siku moja sikupokea. Umesahau? Ulikuja mpaka getini miguu mitupu, unalia, tepu ya kupimia bado iko shingoni. Mama wa mapacha naye akaja. Baada ya hapo kikaitwa kikao." Akageuza kofia mikononi. "Mimi zamani simu nilikuwa naiweka kwenye kisanduku, chini ya kiti."

Mwalimu mkuu alinyanyuka. Alitoa kabatini daftari la kumbukumbu za vikao, akalamba kidole, akafunua kurasa, akasimama kwenye moja. Akasoma kwa sauti iliyokuwa ikipungua kadiri alivyoendelea.

"Dereva asizime simu wakati wowote akiwa safarini, na apokee mzazi anapopiga. Pendekezo limetolewa na mama fundi wa sare. Wazazi wote wameafiki kwa makofi."

Fundi alikumbuka. Alikumbuka jinsi alivyosimama, mtu asiyezoea kusema mbele za watu. Alikumbuka yale makofi, na jinsi alivyorudi nyumbani siku ile anajisikia mtu.

Mwalimu mkuu alivua miwani. "Na hii hapa chini," alisema, "ni sahihi yangu."

Feni ililia. Askari alikuwa ameacha kuandika.

"Kazi hii nimeifanya miaka kumi na minane," askari alisema. "Makosa ya barabarani nimeyaona ya kila aina. Lililopigiwa makofi sijapata kuliona."

Taratibu alinyang'anywa leseni, na kwa haki. Fundi hakumwombea apunguziwe na mwenyewe hakuomba. Dereva alipita kituoni siku moja kwa miguu kuwaaga watoto, wakamwimbia ule mlio wa simu wakidhani watamfurahisha, akageuka akaondoka upesi. Kishikio cha kandambili alikuwa amekitupa.

Wazazi walikuwa na hasira, lakini si wote walimkasirikia dereva. Mama wa mapacha alikuja mpaka kwenye cherehani, mkono kiunoni.

"Umetuanika. Kwa nini useme wazazi wengine? Si ungejisema mwenyewe?"

"Nilijisema mwenyewe. Jina la mtu mwingine sikuandika."

"Mimi ni mama, nina haki ya kujua wanangu wako wapi."

"Mkono wa mwanao unaendeleaje?" fundi alimuuliza.

Mama wa mapacha aliuondoa mkono kiunoni. Kisha akaketi kwenye lile benchi la wateja, akalia bila sauti, na fundi akaendelea kuzungusha pedeli.

Kwa mvuta mkokoteni fundi alikwenda mara mbili. Mguu ulikuwa kwenye plasta, umeinuliwa juu ya gunia. "Ulikuja kuchunguza kama nasema kweli," alimwambia. "Ungeniamini tu, mama, sote tungekuwa tunatembea." Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Basi lilipotengenezwa likapata dereva mwingine, mwanamke mnene asiyejua haraka. Kabla hajawasha gari, simu yake huingia kwenye kopo la biskuti, na kopo huachwa ofisini. Watoto wakishafika, mwalimu mkuu hutuma neno moja kwa wazazi wote: wamefika. Hilo tu, na huwa saa moja na robo.

Jumatatu ya kwanza, saa moja kasorobo ilimkuta fundi mbele ya pasi. Mkaa umeshika. Kidole kiliwasha kama kilichoumwa na siafu. Alisimama, akakaa, akasimama. Mwishowe akampelekea mumewe simu kwenye karakana.

"Ifungie humo kwenye sanduku la vyuma."

Mumewe alifunga, akapiga kufuli. "Ufunguo nimeumeza."

"Usinitanie leo, baba."

Alirudi kwenye pasi. Nusu saa ile ilikuwa ndefu kuliko miaka kumi na mmoja ya kumngoja mtoto. Aliunguza kola mbili. Saa moja na robo mumewe alikuja amenyoosha simu mbele, kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa, na neno lilikuwa pale: wamefika. Fundi akakaa chini sakafuni.

Siku hiyohiyo alichukua karatasi ya kukatia ruwaza za mashati, akaandika nyuma yake. Nakala moja iko kwenye mlango wa basi, ndani, na nyingine iko kwa msusi, pale maneno yalipoanzia. Imeandikwa hivi:

YA KUEPUKA

Usimpigie dereva akiwa njiani. Hata kwa neno moja. Hata ukiwa na hofu. Hasa ukiwa na hofu.

Usimtumie ujumbe ukisema atausoma akisimama. Hujui atausoma lini.

Usiweke kanuni ya kumlazimisha dereva apokee simu. Kama ipo, iondoeni.

Dereva, usipokee. Mwenye kupiga haoni kona iliyo mbele yako. Weka simu mbali, mahali ambapo mkono haufiki.

Usimchekee dereva mwenye simu kwa sababu ni mpole au mnajuana.

Usinyamaze ukiona. Sema kwa mwenye gari au kwa askari: namba ya gari, mahali, saa.

Usitie chumvi. Ukitia chumvi, hata la kweli halitaaminika.

Usimpuuze aliyeona kabla yako kwa sababu anavuta mkokoteni.

Usimfanye mtoto wako aogope kukuambia.

Usifute simu uliyoipiga.